Nasaha kwa Mhandisi Mchanga wa Mpakani

Kijana mmoja anayesoma uhandisi, mzaliwa wa Tunduma aliyekuja likizo kwa wazazi wake, alinijia alasiri moja na sanduku la viatu kwapani, akaketi barazani, akalifungua kwa taadhima kama mtu afunguaye kasha la vito, na ndani yake mkawa na roboti: kipande cha mbao, magurudumu mawili yaliyochongwa katika ndala kuukuu, mota mbili ndogo zilizotolewa katika redio ya kanda, na bodi moja ya Arduino Uno iliyonunuliwa Kariakoo kwa akiba ya miezi mitatu. Roboti ile haikwenda. Alikuwa ameziunga mota moja kwa moja katika pini za bodi, na pini ya bodi ile imeumbwa kutoa miliampea 20 kwa raha na 40 kwa ukomo, ilhali mota ya redio, inapoanza kuzunguka au inapozuiliwa, hudai umeme maradufu kuliko huo. Bodi ilikuwa imekwisha kuungua kabla haijafika barazani kwangu, na kilichobaki ni harufu yake.

Nilipomwuliza alikusudia roboti ile itende kazi gani, alijibu kwamba kazi yake ni kwenda. Na nilipomwuliza atakachounda baada yake, alinitajia ndege isiyo na rubani ya kupeleka dawa bondeni Momba, mkono wa bandia, na programu ya kutambua maradhi ya mahindi kwa picha ya simu, vyote vitatu kabla ya mwaka kwisha. Sikumcheka, kwa kuwa ujana usio na tamaa ya namna hiyo ni ujana mgonjwa. Lakini nilimwomba daftari lake nilitazame, na daftari hakuwa nalo. Basi tukakaa mpaka magharibi, na nasaha nilizompa nazikunjua hapa kwa ajili ya wenzake, wavulana kwa wasichana, ambao mkoani Songwe na kwingineko hushika waya na risasi ya kuchomelea bila mtu mzima wa kuwaongoza. Asili ya nasaha hizo ni moja: kitu kisichopimwa bado hakijavumbuliwa, hata kikiwa kinawaka taa na kulia king'ora.

Tunduma haina upungufu wa ujasiri. Ndio mji uliomtoa fundi aliyejiundia helikopta kwa vyuma na mikono yake mwenyewe, habari zake zikaenea katika vyombo vya habari na mitandaoni, na kila aliyeiona picha yake akawa na la kusema. Mimi namheshimu mtu yule, kwa maana aliye tayari kutahayarika mbele ya majirani zake kwa ajili ya jambo kubwa ni adimu. Lakini kijana na atazame ndani ya kisa kile jambo ambalo watazamaji hawalioni, nalo ni kwamba chombo cha angani hakihukumiwi kwa umbo lake, huhukumiwa kwa tarakimu: uzito wake wote, nguvu ya mapanga yake, mtetemo wa mhimili, na kiasi ambacho chuma huvumilia kabla ya kupata ufa usioonekana kwa macho. Hata droni ndogo hairushwi kiholela. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo itoayo kibali, na katika mji ambao anga ya jirani ipo hatua chache tu ng'ambo ya barabara, kuirusha bila kibali ni kujitafutia maswali ya serikali mbili kwa siku moja. Ndege na iwe ya mwaka wa nne wa masomo. Mwaka wa kwanza uwe wa mahindi.

Nasema mahindi kwa kusudi. Mkoa wetu, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, unaishi kwa vitu vichache vinavyojulikana: malori yanayosimama foleni kwenda na kutoka Zambia, kahawa ya Mbozi, dhahabu ya wilaya ya Songwe, na mahindi ya kila mahali, na katika hivyo vyote hakuna chenye shida iliyo wazi, inayopimika kwa fedha kidogo, na inayomgusa mama mzazi wa mwanafunzi mwenyewe, kuliko mahindi. Kiwango cha nafaka hii katika Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, ukizidi, kuvu huota, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kiwango hicho hicho hakiruhusu izidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Jambo hili si la vitabuni. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyo, na wafanyabiashara waliokuwa na magunia njiani wakajua siku ile kwamba unyevu wa punje una bei.

Mkulima hupima unyevu kwa meno: huitia punje kinywani, huivunja, na hukumu hutoka katika mlio wake. Maafisa ugani nao wana jaribio la chupa, ambalo mwanafunzi yampasa alijue kabla hajagusa waya wowote: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi iliyokauka kabisa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie, chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15 hivi, nayo ikishuka chini bila kushika, mahindi yako yana unafuu. Hii ni sanaa kamili, haitumii betri, na chombo chako cha umeme hakina haki ya kuwepo duniani mpaka kifanye jambo ambalo chupa ile haiwezi.

Na jambo hilo lipo. Hewa iliyo katikati ya punje ndani ya gunia lililofungwa, baada ya saa kadhaa, hupatana na punje zenyewe: punje zikiwa na maji mengi, hewa huwa na unyevu mwingi. Kwa joto la kawaida la ghala, unyevu wa hewa ile ukiwa chini ya asilimia 65, mahindi yamekauka. Ukipita 70, kuvu imefunguliwa mlango. Kwa hiyo chukua bomba jembamba, litoboe matundu ncha yake, tia ndani sensa ya unyevu iliyofunikwa kitambaa chepesi ili vumbi lisiiue, pitisha nyaya zake mpaka kwenye bodi, na bodi iandike tarakimu katika kioo kidogo. Wauzaji watakupa sensa za namna mbili, DHT11 iliyo rahisi na DHT22 iliyo ghali kidogo, na wengi hununua ile rahisi bila kuuliza. Lakini DHT11 hukosea kwa asilimia 5 huku na huku, na 5 ndio upana wote wa mpaka tunaoutafuta kati ya 65 na 70, kwa hiyo fedha uliyookoa dukani umeilipa kwa ukweli. DHT22 hukosea kwa 2 hivi. Nunua hiyo, au usubiri mpaka uweze.

Sasa nakuja katika sehemu ambayo kila mwanafunzi niliyemwona huiruka. Utajuaje kwamba sensa yako inasema kweli? Mwuzaji hatakwambia, na karatasi iliyokuja nayo imeandikwa kwa ajili ya ndugu zake milioni. Jibu limo jikoni. Tia chumvi ya kawaida katika kizibo cha chupa, idondoshee maji machache hata iwe kama uji mzito, si maji ya chumvi yanayotiririka, kisha kiweke kizibo hicho pamoja na sensa ndani ya kopo linalofunga vizuri, uliache mahali pasipo jua usiku kucha. Hewa ya ndani ya kopo lile, kwa tabia ya chumvi yenyewe na pasipo hila yoyote ya mwanadamu, husimama katika unyevu wa asilimia 75. Sensa ikisoma 75 au karibu yake, iamini. Ikisoma 81, unajua ni kiasi gani cha kupunguza. Maabara kubwa za dunia hutumia njia hii hii, na gharama yake ni kijiko cha chumvi.

Baada ya hapo pima magunia kumi, si moja, na kando ya kila kipimo weka kipimo cha mizani: gramu 100 za mahindi yale yale, zikikaushwa mpaka uzito ukome kupungua na kubaki gramu 86.5, basi yalikuwa na asilimia 13.5 barabara. Andika tarehe, saa, mahali gunia lilipokaa, chombo kilisema nini na mizani ilisema nini, na usifute tarakimu inayokuaibisha. Ukurasa mmoja wa namna hiyo utakusimamia mbele ya mwalimu, ya mfadhili na ya mnunuzi wa mahindi kuliko picha mia za roboti inayocheza ngoma.

Iwapo waona nazidisha sifa ya daftari, mkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaharakia nafasi katika jokofu, akaweka maziwa yake yangali moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Aliuliza, akachekwa, akauliza tena, akachekwa tena, na alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni aliyetoka Chuo Kikuu, Dakta Denis Osborne, ambaye badala ya kucheka alikwenda akajaribu. Mwaka 1969 wawili hao waliandika makala katika jarida la fizikia la Uingereza, na tangu hapo ulimwengu wote huliita jambo lile kwa jina la Mtanzania yule. Wanazuoni wangali wakibishana hadi leo kama jambo hilo hutokea kweli na kwa sababu gani, na mimi sioni aibu katika ubishi huo. Wanabishana kwa vipimo, kama ilivyo haki. Palipokosekana kipimo hubaki kukisia tu: hata kimondo cha Mbozi, ambacho watoto wetu hupelekwa kukishika, vitabu vimepata kukipa uzito wa tani 25, vingine 16, vingine 12, na yote ni makadirio.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, isipokuwa moja, kwa kuwa kijana wa Tunduma amekaa juu ya hazina asiyoijua. Mwenzake wa kwingine huagiza mota zenye gia ng'ambo kwa fedha za kigeni na kungoja majuma mengi, ilhali huyu wa Tunduma anapita kila siku mbele ya magereji ya malori ambako mota za waipa huuzwa kama vyuma chakavu. Mota ya waipa ni kitu adhimu: ndani yake mna gia ya parafujo inayoifanya izunguke polepole na kwa nguvu nyingi, na gia hiyo haikubali kurudishwa nyuma na mzigo, hata umeme ukikatika mkono wa roboti ulioinuliwa hubaki umeinuliwa. Lakini lori kubwa ni la volti 24, wala si 12 kama gari dogo, na nimewaona vijana wawili kwa nyakati mbalimbali wakiitupa mota nzima wakidai imekufa, kumbe waliilisha nusu ya chakula chake. Fauka ya hayo, mota nyingi za namna hii hulitumia ganda lake kuwa waya hasi, kwa hiyo ukiifunga katika fremu ya chuma pasipo mpira au ubao wa kuitenga, fremu yote imekuwa waya.

Usiiunge mota hiyo wala nyingine yoyote katika pini ya bodi. Weka kati yao transista, au moduli ya rilei, au bodi ndogo ya kuendeshea mota. Weka dayodi sambamba na mota, upande wenye mstari ukielekea chanya, ili mshindo wa umeme unaorudi mota inapozimwa usiiue transista. Weka fyuzi karibu na betri. Na waya hasi wa betri ya mota uungane na waya hasi wa bodi, kwa sababu pasipo muungano huo amri ya bodi haina njia ya kufika. Hitilafu hii ya mwisho ndiyo iliyowaliza wengi kuliko zote, na dawa yake ni waya mmoja wa urefu wa kidole.

Wako watakaosema kwamba wao si watu wa nyaya, ni watu wa programu, na mpaka huu una mengi ya kuwafundisha ambayo mwalimu wa Dar es Salaam hana fursa ya kuyaonyesha. Simama penye kizuizi saa nane mchana ya Tunduma, vuka, na Nakonde, upande wa Zambia, ni saa saba. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na mwanafunzi aandikaye programu ya kuhesabu muda ambao lori limekaa foleni, akichukua saa ya simu ya dereva kama ilivyo, atapata malori yaliyoondoka kabla ya kuwasili. Ongeza hapo saa yetu ya Kiswahili, ambayo saa mbili yake ni 08:00 kwa asubuhi na 20:00 kwa usiku, na mkanganyiko umekamilika. Dawa ni kuhifadhi kila wakati ndani ya programu kwa saa moja ya dunia, UTC, ambayo Tanzania imeitangulia kwa saa 3 na Zambia kwa saa 2, na kuigeuza iwe saa ya mtu pale tu inapoonyeshwa kwa mtu huyo. Tena ukimwonyesha Mswahili, mwandikie asubuhi, mchana au usiku.

Fedha nayo ni mwalimu. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika kwacha yake, kwacha 1,000 za kale zikawa 1 mpya, na kwa miezi sita, mpaka 30 Juni, noti za namna mbili zilitembea sokoni pamoja. Fikiri mtu aliyeandika kiwango cha kubadilishia fedha ndani kabisa ya programu yake, katika mistari thelathini mbalimbali, akidhani fedha ya nchi ni kama mlima usiohama! Kila kinachoweza kubadilishwa na serikali, yaani kiwango, kodi, ushuru, jina la wilaya, kiweke mahali pamoja, nje ya msimbo, na kila badiliko lake liwe na tarehe. Na fedha usiihifadhi kwa namba za desimali za kompyuta, ambazo haziwezi kuandika sehemu moja ya kumi kwa ukamilifu na hukosea kidogo kidogo hata hesabu ya jioni isilingane na sanduku. Hifadhi ngwee na senti kwa namba kamili. Mwisho, jaribu programu yako umeme ukiwa umekatika na intaneti imezima, kwa kuwa mteja wako ataitumia siku kama hiyo, na ujumbe mfupi wa simu ya tochi bado unawafikia wakulima ambao programu yako nzuri haiwafikii.

Mambo ya msaada na haki nayapitia kwa haraka. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kipo Mbeya, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka Tunduma. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, zina karakana na watu waliokwisha kuharibu vyuma vingi kabla yako, na swali huwa halitozwi ada. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yalianzishwa mwaka 2019, nayo hupokea kuanzia wanafunzi wa shule hata mafundi wasio na cheti. Hataza husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na programu ya kompyuta hulindwa na sheria ya hakimiliki. Lakini kabla hujaionyesha kazi yako hadharani au katika mtandao, uliza kwanza, kwa kuwa jambo lililokwisha kutangazwa linaweza kuhesabiwa si jipya tena. Hata hivyo nakiri kwamba kati ya vijana kumi walionijia na hofu ya kuibiwa, tisa hawakuwa bado na cha kuibwa.

Wa kumi yupo, na mfano wake uliokomaa ni Dakta Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu, ambaye mwaka 2015 alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika itolewayo na akademia ya kifalme ya uhandisi ya Uingereza, pauni 25,000, kwa chujio la maji. Hakuanza kwa kutafuta uvumbuzi wa kuushangaza ulimwengu. Alianza kwa maji ya kwao, na chujio lake huchanganywa upya kulingana na uchafu uliopimwa katika maji ya mahali husika. Maji ya mahali yakipimwa vibaya, chujio lile halina maana. Mtoto wa Ileje au wa Mlowo na asome hapo.

Yule kijana wa sanduku la viatu alirudi chuoni na bodi mpya, ambayo baba yake alimnunulia kwa shingo upande. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake una tarehe na maneno machache: bodi imeungua, mota iliungwa kwenye pini. Juma lililopita aliniandikia kwamba kopo lake la chumvi limesoma 78, akataka shauri langu, apunguze 3 katika programu au anunue sensa nyingine kabla mavuno ya Mei hayajaanza. Nimemjibu asifanye lolote kwanza. Apime usiku mwingine mara tatu, kisha aniandikie tarakimu zote nne.